Kidole Hakina Maziwa

Mkono ulikuwa umeanza kufa ganzi, lakini hakuthubutu kuushusha. Bomba la sindano lilitakiwa kukaa juu, usawa wa sikio lake, ili maziwa yateremke yenyewe kwenye mpira mwembamba uliopita puani kwa mtoto mpaka tumboni. Akilishusha, maziwa yanasimama. Akilipandisha sana, yanaingia kwa kasi na mtoto anatapika. Mililita kumi na nane, alizokamua mwenyewe asubuhi ile akiwa amekaa sakafuni kwenye korido, zilichukua dakika ishirini kuisha. Muda wote huo mtoto alikuwa amelala fofofo.

"Bosi huyo," alisema mama wa kitanda cha jirani. "Analetewa chakula mpaka tumboni na wala hafumbui jicho kusema asante."

Wenzake wakacheka. Hivyo ndivyo mtoto alivyopata jina. Alikuwa na siku ishirini na tatu duniani, kilo moja na robo, kichwa kama chungwa, na wadi nzima ya watoto njiti ilimwita Bosi. Yeye naye wakamwita Mama Bosi. Kiwandani, alikokuwa akishona mikono ya mashati, wangelisikia jina hilo wangecheka mpaka watoe machozi, maana kule hakuwahi kuwa bosi wa kitu chochote, hata wa kiti alichokalia.

Wadi ilikuwa na watoto ishirini na wawili, vitanda kumi na sita na wauguzi wawili. Hesabu hiyo ilikuwa imezoeleka kiasi kwamba hakuna aliyeirudia kwa sauti. Watoto waliozidi walilazwa wawili wawili, kichwa huku na kichwa kule, na kazi za wauguzi zilizozidi walifanya akina mama. Walikamua, wakapima, wakalisha kwa mpira, wakachukua vifaa wenyewe kwenye droo, wakaandika. Kila kitanda kilikuwa na karatasi yenye safu za maduara. Mlo mmoja, duara moja. Mtoto akilishwa kwa mpira, mama anapaka wino nusu ya duara. Akimaliza mlo wote kwa mdomo wake, mama analipaka lote. Maduara manane yaliyojaa kwa mfululizo, yaani mchana na usiku mzima, na mtoto anatolewa mpira, anaruhusiwa. Chini kabisa palikuwa na mstari wenye maneno "Mama amethibitisha", na nafasi ya sahihi.

Karatasi ya Bosi ilikuwa na nusu-duara tu, siku zote ishirini na tatu.

Muuguzi mmojawapo alikuwa mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Mbele yake walimwita Bibi, na akigeuka walimwita Bibi Kidole. Kila asubuhi alinawa mpaka viwiko, akapita kitanda kwa kitanda, akaingiza kidole chake kidogo katika kila kinywa, nyama ya kidole ikigusa kaakaa, kisha akafumba macho. Alikaa hivyo dakika nzima. Halafu alitoa hukumu.

"Huyu anatafuna tu. Huyu ulimi umelala. Huyu, ah, huyu jana alikuwa hodari kuliko leo, mpimeni joto."

Alipofika kwa Bosi Jumanne ile, alitulia zaidi ya kawaida.

"Ananivuta," alisema. "Tena vizuri."

Mama Bosi alihisi moyo unamruka. "Kwa hiyo tutoe mpira, Bibi?"

"Taratibu, mwanangu. Kidole hakina maziwa. Hapa anavuta na hana cha kumeza, kwa hiyo anavuta kwa raha zake." Alimfuta Bosi mdomo kwa kona ya kitambaa. "Mdomo umeamka. Koo nalo zima, na mapafu sasa yanafanya kazi. Tatizo hawa watatu hawajajuana. Mkubwa wako ulimzaa na miezi mingapi?"

"Tisa kamili."

"Ulipowekewa kifuani?"

Alikumbuka. Binti yake alikuwa amelitambaia titi mwenyewe kabla hata ya kufutwa vizuri, akalishika kama mtu aliyerudi kwake, akavuta, akameza, akapumua kwa pua zinazopiga mluzi, na hakuna aliyemwonyesha.

"Basi yule alikuja kazi anaijua," Bibi alisema. "Huyu katolewa kabla ya kumaliza kufundishwa. Ana wiki thelathini na tatu tu tangu ushike mimba yake. Ukimpa maziwa leo atavuta, atavuta, atasahau kupumua. Mpe wiki moja. Tukikosa bahati, mbili. Ila kila ukimlisha kwa mpira, mpe titi ulilokwisha kulikamua alilambelambe, ajue shibe inatoka upande gani."

Alielewa upesi kuliko Bibi alivyotarajia. Kiwandani mkata vitambaa akimzidi mshonaji kasi, vitambaa vinarundikana mpaka msimamizi anaanza kutukana. Lazima watatu waende pamoja: mkataji, mshonaji, mpiga pasi. Tangu siku hiyo akawa anamhesabia Bosi kimoyomoyo. Vuta, vuta, vuta. Meza. Pumzi. Bosi alikuwa anafika vuta ya pili, analala.

Jumatano Sista Mkuu aliingia na viatu vyake vya wazi, miguu imemvimba, daftari kwapani. Alikuwa na wadi tatu za kusimamia. Alisimama katikati akapiga makofi mawili.

"Mama zangu, nisikilizeni. Ijumaa tuna wageni. Ndio waliotupa hivi vitanda vipya kumi na sita, na kwenye makubaliano imeandikwa kila mtoto na kitanda chake. Sasa wakikuta wamebanana kama mihogo kwenye kikapu, tutawaambia nini?"

Alijijibu mwenyewe.

"Wako watoto humu wamepona, wamezoea kubembelezwa tu. Sita leo wanahitimu. Nimewafumia na kofia." Alitoa kwenye mfuko kofia ndogo za uzi wa njano, akazipanga mezani. Kweli alikuwa amezifuma mwenyewe.

Alipita akisoma karatasi. Kwa Bosi akasimama.

"Mama Bosi, mbona ni nusu nusu tu?"

"Anakula kwa mpira, Sista."

"Siku zote hizi?"

"Bibi amesema tusubiri wiki moja tena."

"Bibi yuko wapi?"

Bibi alikuwa stoo tangu asubuhi. Sista Mkuu mwenyewe alikuwa amempeleka akahesabu mashuka mapya ya kutandika siku ya wageni.

Sista alinawa, akaingiza kidole kinywani mwa Bosi. Na Bosi, ambaye saa hizo huwa hajui kama dunia ipo, siku hiyo aliamua kuamka. Alikibana kidole akakivuta mpaka mashavu yakaingia ndani.

"Oneni! Mtoto anataka kunimeza mkono!"

Akina mama wakacheka, na Mama Bosi akacheka nao. Mungu amsamehe, alifurahi. Alijisikia kama mzazi ambaye mwanawe ametajwa mbele ya shule nzima. Kisha akakumbuka.

"Kidole hakina maziwa, Sista."

"Unasemaje?"

"Nasema... Bibi alisema kidole hakina maziwa."

Sista Mkuu alitoa kidole, akakifuta taratibu. "Wewe umesomea wapi?"

Kicheko kilikatika.

"Nakuuliza kwa wema tu. Umesomea wapi?"

"Mimi ni fundi cherehani."

"Haya. Mimi haya nimeyasomea miaka minne na kuyafanya kumi na tisa. Mtoto anayevuta hivi ananyonya. Au wewe pamekunogea hapa?"

Hapakuwa pamemnogea. Wiki tatu alikuwa amelala kwenye kipande cha kanga koridoni, akikanyagwa miguu na machela. Binti yake wa miaka minne alikuwa akiachwa kwa jirani, na kila mara kwenye simu aliuliza swali lile lile: "Mama, bado tu hujamaliza?" Titi lilikuwa linamuuma kwa maziwa ambayo hakuna aliyeyanyonya. Alitaka kwenda nyumbani kiasi kwamba alikuwa anaona aibu.

"Sikulazimishi," Sista Mkuu alisema, sauti ameishusha. "Karatasi ni ya mama. Ukijaza, unaondoka leo. Usipojaza, itabidi nimwandike kwamba haendelei, ahamie wadi ya watoto wakubwa. Na kule, nikuambie ukweli, hawajui njiti anashikwaje. Chagua mwenyewe."

Alimwachia kalamu juu ya shuka akaenda kitanda kingine.

Alijaza. Maduara manane. Kwenye la tano kalamu ilikwama, akalirudia mpaka likakolea, maana hakuwahi kujua kufanya kazi ovyo, na kazi hii nayo mkono wake uliifanya vizuri. Kisha akaweka sahihi kwenye mstari.

Mpira ulipotolewa, plasta iliacha alama nyekundu ya pembe nne shavuni. Bosi alilia kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia, nyembamba lakini kamili. Akavishwa kofia ya njano, ikamfunika mpaka nyusi.

Nyumbani kilikuwa chumba kimoja, na kilikuwa kimefagiliwa. Baba watoto, kibarua wa kupakua mizigo, alinawa mikono mara mbili bila kuambiwa, kisha akaogopa kumshika. Binti alimchungulia ndugu yake muda mrefu.

"Ndiye huyu tuliyekuwa tunamngoja siku zote hizi?"

"Ndiye."

"Mbona hajaisha?"

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa saa nzuri, na ndiyo pekee waliyoipata.

Alimpa titi. Bosi alivuta mara moja, mbili, tatu, na maziwa yaliyokuwa yamesubiri siku ishirini na nne yakaja yote kwa pamoja. Macho yalimtoka. Alimeza, akameza tena, na baada ya hapo hapakuwa na kitu. Midomo ilianza kugeuka rangi ya wino. Akamtoa, akampindua, akampiga nyayo kwa kidole, mara moja, mara ya pili, mpaka pumzi ikarudi na kilio kidogo kama cha paka. Baba alikuwa ameegemea ukuta.

Akajaribu kikombe kidogo, tone kwa tone kwenye mdomo wa chini. Saa nzima kwa mililita kumi, na nusu yake ilikuwa kwenye kitambaa. Baada ya hapo mtoto alilala usingizi ambao haukuamshwa na maji baridi wala kuvuliwa nguo. Alilala hivyo akaruka mlo, akaruka na mwingine. Alhamisi adhuhuri nepi ilikuwa kavu. Jioni ilikuwa kavu bado.

Jirani alikuja kutoa hongera. "Kumbe mpole hivi! Halii kabisa. Una bahati, wa kwangu alitukesha mwaka mzima."

Yeye aliitikia kwa kichwa. Alijua mtoto mwenye njaa hulia akiwa na nguvu za kulia.

Ijumaa asubuhi na mapema alikuwa kwenye mlango wa wadi ya njiti, Bosi kifuani ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi. Kwenye mlango kulikuwa na mapambo ya karatasi. Karani wa mlangoni alikuwa amevaa tai.

"Huyu si ameruhusiwa juzi?"

"Ndiyo. Nimemrudisha. Hali wala hakojoi."

"Aliyetoka nje harudi ndani, mama. Unajua. Ataleta vijidudu vya nje kwa wenzake. Wadi ya watoto, kushoto."

Alijua. Sheria hiyo aliikuta imebandikwa ukutani siku alipofika, na wakati ule ilimfariji.

Kwenye wadi ya watoto, daktari kijana alimgusa Bosi utosini, akakuta pamebonyea. Alivuta droo kabla hajamaliza kuuliza. "Huyu anatakiwa mpira sasa hivi. Mishipa yake siwezi kuipata, lakini tumbo bado linapokea." Alipekua. Akavuta droo ya pili. "Sisi tuna mipira namba kumi na namba kumi na mbili. Kwenye pua hii haupiti. Anahitaji namba tano, na namba tano zote zinakaa wadi ya njiti." Aliandika kwenye kikaratasi haraka haraka, kwa kalamu ya wino, akampa. "Kimbia. Niko peke yangu, la sivyo ningekwenda mwenyewe."

Kutoka mlango ule hadi huu zilikuwa hatua ishirini na sita.

Karani alikisoma kikaratasi pande zote mbili, ingawa upande wa nyuma ulikuwa mtupu. "Kifaa hakitoki wadi hii bila sahihi ya Sista Mkuu. Na Sista yuko ndani na wageni. Kaa kwenye benchi."

"Niingie mara moja tu nichukue. Droo naijua, ya tatu kutoka juu. Nimeifungua mwenyewe siku zote nilizokaa humo."

"Mama, leo usinitafutie balaa."

Alikaa. Kupitia kioo cha mlango aliiona droo yenyewe. Aliona na kitanda cha Bosi, shuka jeupe, mtoto mmoja ndani yake akiwa amenyooka peke yake katikati. Vitanda kumi na sita, watoto kumi na sita. Ilipendeza kweli.

Bibi Kidole alitokea koridoni na mzigo wa mashuka. Alipoiona kofia ya njano ikichungulia kwenye nguo alisimama, akayaweka mashuka chini, akatoa chupa ya dawa mfukoni akasugua mikono. Aliingiza kidole chake kidogo katika kinywa cha Bosi, akafumba macho. Alingoja. Koridoni walipita watu, na yeye alikuwa bado anangoja.

Alipotoa kidole hakutoa hukumu.

"Yale maduara ulijaza wewe?"

"Nilijaza mimi."

Bibi aliangalia pembeni. "Na mimi nilikuwa nahesabu mashuka," alisema, kisha akachukua kile kikaratasi, akakisoma, akakirudisha mkononi mwa Mama Bosi. "Ngoja hapa. Naleta mpira."

Alimwona akiingia. Alimwona akipita nyuma ya wageni, amejikunyata, akielekea kwenye droo ya tatu. Alimwona Sista Mkuu akigeuka, akitabasamu kwa ajili ya wageni, akimwekea Bibi sinia la vikombe mikononi na kumwonyesha kwa kidevu mlango wa upande wa pili. Bibi alisema kitu. Sista Mkuu alionyesha tena kwa kidevu, tabasamu likiwa pale pale. Mabega ya Bibi yalishuka, na yeye na sinia wakatoka kwa mlango ule.

Wageni walitoka watano, pamoja na mpiga picha. Aliyetangulia, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya upole, aliona kofia.

"Na huyu?"

"Mmoja wa wahitimu wetu," alisema Sista Mkuu kabla hajatazama. Kisha akatazama. Uso wake ulibadilika kidogo tu, na Mama Bosi aliona, na Sista Mkuu aliona kwamba ameonwa.

"Ananyonya mwenyewe sasa?"

"Ananyonya. Mama mwenyewe alithibitisha."

"Hanyonyi," alisema Mama Bosi.

"Anasemaje?" mgeni aliuliza.

"Ana haya kidogo," Sista Mkuu alisema. "Mama zetu hawa."

"Tupate moja akinyonya," alisema mpiga picha, tayari amepiga goti. "Hii ndiyo itakayokaa mbele."

Sista Mkuu aliinama kama anayemtengenezea kofia. "Mpira nakuletea," alinong'ona. "Kwa mkono wangu mwenyewe nakuletea. Piga picha kwanza."

Alifungua nguo. Hakuwa na kitu kingine cha kubadilishana. Aliliweka titi kwenye ule mdomo ulio wazi, na maziwa yakaja yenyewe, kama yalivyokuja siku zote, hayajui kitu. Yalijaa kinywani. Alimlaza Bosi ubavu haraka ili yasimwingie mapafuni, yakatoka kwa pembe ya mdomo, yakashuka shavuni, juu ya alama ya plasta, yakaingia kwenye kofia. Kutoka pale alipopiga goti mpiga picha, ilionekana kama shibe.

"Safi sana. Mama, mtazame mtoto."

Alikuwa anamtazama. Alikuwa anahesabu. Vuta. Alingoja vuta nyingine.

Wageni walipiga makofi kwa ncha za vidole, wasimwamshe. Yule mwenye miwani alimgusa begani, akamwambia hongera. Wakaendelea na korido kuelekea kwenye chai, na Sista Mkuu katikati yao, akigeuka mara moja kumwonyesha kwa mkono: nakuja, nakuja. Wakakata kona.

Alifunga nguo. Kikaratasi cha daktari kilikuwa kimekunjamana ndani ya kiganja chake, kimelowa maziwa. Alikifungua kwenye paja, akakinyoosha, akanyanyuka akakirudisha kwa karani, mkono mmoja umembana Bosi kifuani. Wino ulikuwa umetapakaa. Pale palipoandikwa namba tano palikuwa na doa la mviringo, jeusi, limejaa lote.

Karani alikiinua kwenye mwanga.

"Hii haisomeki, mama. Rudi ukaandikiwe nyingine."